Ngumi Mezani kwa Mtunga Kamusi

Mpe mtunga kamusi neno ngumi uone atakavyolizunguka. Akisema ngumi ni konde, na konde ni ngumi, amemzungusha msomaji bure. Kwa hiyo anautazama mkono wenyewe: vidole vinne vimekunjwa, ncha zimegusa kiganja, dole gumba limevilalia kwa nje. Ndipo aandike.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, alikuwa na njia ya mkato. Kamusi yake iliyotoka London 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilieleza Kiswahili kwa Kiingereza. Waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) walieleza Kiswahili kwa Kiswahili, hawakuwa na pa kukimbilia. Hao ndio ninaowavulia kofia.

Maana majirani wa ngumi ni wengi, tena wasumbufu. Sumbwi ni pigo, si mkono. Konzi humshukia mtoto mtundu utosini, lakini sokoni konzi ni karanga zinazoenea katika mkono uliofumbwa. Zikikaa juu ya kiganja kilicho wazi, huo ni ukufi. Na konde? Lipo tunalopigia moyo, lipo linalolimwa mihogo. Sura moja, maneno mawili, kila moja na kinamba chake kidogo begani.

Mtihani mkubwa uko kwenye asili. Mmoja atasema ngumi imetoka kwa ngumu, kwani zimepishana irabu moja tu; mwingine atasema imetoka kwa kumi, kwani ngumi mbili zina vidole kumi! Barazani hadithi hizo zingepita, na msimuliaji angeongezewa kahawa. Fundi wa kamusi hazipokei. Kufanana kwa sauti si nasaba; yeye anataka aone viungo vya neno.

Akifika kwenye fumba, kitenzi cha kuukunja mkono, viungo hivyo anaviona: fumba, fumbua, fumbata. Hiyo -ata ndiyo iliyo kwenye kamata, ambayo shina lake ni lile la kukama ng'ombe, kazi ya mkono unaobana. Fumbo nalo limezaliwa humo, na anayelifumbua hana tofauti na mtoto anayekukunjua vidole kimoja kimoja akitafuta peremende.

Fumba basi inapata ukoo mzima. Ngumi inapata maana yake, mfano mmoja wa sentensi na nukta. Zile hadithi mbili tamu za barazani hazipati hata mstari.