Mlima kwa Sindano

Mfarishi wa sanaa una sharti moja ambalo washonaji wengi hulikwepa: kitambaa hakikubali kuchorwa kama karatasi. Mchoraji anaweza kuvuta rangi moja ndani ya nyingine hadi mpaka wenyewe upotee. Kiraka kina ukingo, na ukingo huo ama ukunjwe na kushonwa, ama uachwe ufumuke. Ndiyo maana mifarishi mingi inayodai kuonyesha maumbile ya nchi huishia kuwa tembo aliyekatwa kwenye kitenge na kubandikwa juu ya kitambaa cha rangi ya machungwa. Mnyama yupo, lakini sindano haikufanya kazi nyingine zaidi ya kumshikilia asidondoke. Hoja ya makala haya ni kwamba mfarishi huonyesha maumbile vizuri pale viungo vyake, tabaka zake na mistari ya mshono wake vinapobeba umbo la mahali panapoonyeshwa, badala ya kubeba picha yake tu. Nitaipima hoja hiyo kwa Kihurio, wilayani Same, na kwa kazi mbili za ushonaji ambazo historia yake inatugusa watu wa pwani na bara.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati, na bitana nyuma. Kwanza hupigwa bandi ili zisitembee, kisha hushonwa mshono unaopenya zote tatu. Uzi unapopita, kitambaa huzama; kati ya mstari mmoja na mwingine, huvimba. Mistari ikisongana sana, eneo zima hulala na kuonekana zito. Ikiachana, eneo huinuka na kupokea mwanga. Kwa hiyo mshonaji ana nyenzo mbili kwa pamoja: rangi za vitambaa, na mabonde na vilima halisi vya kina cha milimeta chache ambavyo vivuli vyake hubadilika kadiri taa inavyosogezwa. Anayetumia rangi peke yake ameacha nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo mchoraji hana.

Sasa Kihurio. Kata hii iko chini ya Milima ya Upare kwa upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu kuelekea Bendera na Mkomazi. Upande mmoja kuna uwanda mkavu wa migunga na mibuyu, nchi ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2008. Upande wa pili mlima unapanda hadi Shengena, zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye msitu wa Chome ambao ukungu wa kutoka Bahari ya Hindi huulowesha. Katikati kuna kazi ya watu: majaruba ya mpunga uwandani, mifereji inayoshusha maji, matuta yanayoufuata mlima, mashamba ya tangawizi kule Mamba Miamba, na ndiva, yale mabwawa madogo ya Wapare yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Mambo haya yamepangwa kwa mikanda, mmoja juu ya mwingine, na kila mkanda una mpaka unaoonekana kwa macho. Nchi ya namna hii inamrahisishia mshonaji, kwa kuwa mpaka ndicho kitu ambacho kitambaa hukitoa bila kulazimishwa. Inamtega pia, kwa kuwa ni rahisi kuchora mistari mitano ya rangi tano na kudhani mlima umekwisha.

Ushahidi wa kwanza kwamba umbo linaweza kutokana na kiungo chenyewe unatoka kwenye vazi tunalolijua wote. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizokuwa zikiuzwa zikiwa hazijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua kipande cha leso sita, wakakikata katikati kupata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona ubavu kwa ubavu. Likatoka vazi la leso tatu kwa mbili. Hakuna aliyekuwa amelichora pambo la vazi lile zima. Lilizaliwa pale fremu sita ndogo zilipokutana kwenye mshono mmoja wa katikati. Baadaye wafanyabiashara waliagiza kitambaa kama hicho kikiwa kipande kimoja, mshono ukaondoka, kanga ikapata sura yake ya sasa ya pindo, mji na jina. Atakayesema kwamba leso ile haikuwa mfarishi atakuwa amesema kweli, maana haikuwa na ujazo wala bitana. Lakini dai langu ni dogo kuliko hilo: kujenga pambo kwa kuunganisha vipande si jambo lililoletwa kwetu jana, na viungo vinaweza kuzaa sura ambayo haimo ndani ya kipande chochote kimoja.

Ushahidi wa pili uko ng'ambo ya bahari, nao una uzito zaidi. Wasiddi wa Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu. Mshonaji haanzi katikati wala hakati viraka kwa vipimo. Anatandika bitana, mara nyingi sari iliyochakaa, anaanza kwenye kona moja, anakunja ukingo wa kiraka kwa kidole na kuushona kwa mkono, sindano ikiingia na kutoka. Anauzunguka ukingo wote, kisha anarudi kwa mzunguko wa ndani zaidi, na wa ndani zaidi, mpaka mistari ikutane katikati. Akimaliza, anaongeza kwenye kila kona vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa pembe tatu kwa tabaka kadhaa. Vipande hivyo huitwa maua, na mfarishi usio nayo huhesabiwa kuwa uko uchi. Tuyatazame maua hayo kwa karibu: hayana petali zilizokatwa wala shina lililotarizwa. Ni mkunjo juu ya mkunjo, unene unaojitokeza mahali ambapo kitambaa kingeisha kimya kimya. Ua limepatikana kwa tendo ambalo ni kitambaa pekee kinachoweza kulifanya. Mifarishi hii ilipotundikwa kwenye kituo cha Schomburg, Harlem, New York, mwaka 2011, ilisimama ukutani bila kuhitaji picha yoyote ya kuieleza.

Kwa kipimo hicho, mlima unaotazamwa kutoka Kihurio ungeshonwaje? Swali la kwanza ni la kitambaa. Vitenge vya bei ya chini huchapwa upande mmoja, na mgongo wake huwa umepauka. Fundi wa nguo huuficha mgongo huo. Mshonaji wa mlima anauhitaji. Kitenge kilekile cha kijani kikigeuzwa hutoa kijani cha mbali, chenye ukungu, kinachopatana na kile cha karibu kwa sababu vimetoka kwenye jora moja. Msitu wa juu unaweza kujengwa kwa migongo, na miteremko ya chini kwa nyuso. Pindo la kanga, lenye mistari mizito inayojirudia, lafaa mahali penye mkono wa binadamu: ukingo wa jaruba, mfereji, tuta. Kabla ya mkasi, kila kitambaa kifuliwe ili kiondokewe na wanga na kimalize kurudi, na vyekundu na vyeusi vifuliwe peke yake, maana vikichuja baada ya kushonwa kazi nzima imeharibika. Kisha viraka vipangwe na kupigwa picha ya simu isiyo na rangi. Kijani na chekundu vinavyopigana machoni vinaweza kugeuka kuwa kijivu kimoja, na mlima ukatoweka. Hapo tatizo si uteuzi wa rangi bali wa weusi na weupe, na Kihurio penyewe panafundisha jambo hilo: asubuhi jua huupiga mlima usoni na kila korongo likaonekana, jioni jua huzama nyuma yake, ukabaki umbo moja jeusi. Mshonaji achague saa moja na kuishikilia.

Swali la pili ni la uzi, na hapa ndipo kazi nyingi hushindwa. Mistari ya mshono isitupwe ovyo kama ya godoro. Kwenye majaruba ipite kwa miraba isiyolingana, kwa sababu kingo za majaruba hufuata maji na hazifuati rula. Kwenye matuta ifuate usawa wa mlima, ikikaribiana pale panapopanda kwa ghafla. Msituni isongane mpaka kitambaa kilale; kwenye ukungu iachwe kabisa, ujazo uvimbe na kupokea mwanga. Cherehani nyeusi ya kukanyaga inaimudu kazi hii: meno yanayosukuma kitambaa yakifunikwa kwa kipande chembamba cha bati au kadi ngumu, kitambaa hubaki huru na mikono huelekeza mstari itakako, kama wafanyavyo mafundi wa darizi za makanzu na magauni. Hata ndege ana nafasi kwa masharti hayo. Milima ya Upare Kusini ina ndege wake mdogo wa manjano na kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana kwingine duniani. Kumkata na kumbandika ni kurudi kwenye tembo wa kitenge. Mizunguko michache ya uzi mweupe katikati ya majani yaliyoshonwa kwa kusongana inatosha. Mtazamaji atamwona ndege baada ya kuuona msitu, kama ilivyo msituni.

Pingamizi kubwa linatokana na soko. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alithibitisha kwamba picha ya mnyama inauzika, na waliomfuata bado wanaishi kwa hilo. Kwa nini mshonaji asifuate njia iliyokwisha kufunguliwa? Lakini tutazame alivyofanya. Alitumia mbao za kushindiliwa za bei rahisi na rangi ya mafuta ya kupakia vyuma na baiskeli, rangi nzito inayong'aa ambayo haikubali kuchanganyikana taratibu kama rangi za maji. Mnyama mmoja aliyejaa fremu, ukingo safi, nyuma rangi tupu: huo ni mtindo uliotoka kwenye rangi yenyewe. Tingatinga aliitii nyenzo yake. Anayeinakili picha yake kwa kitambaa amechukua matokeo na kuiacha njia, na aghalabu hupata mfarishi ulio dhaifu kuliko picha iliyonakiliwa.

Pingamizi jingine ni kwamba Kihurio ni joto, na hakuna anayehitaji tandiko nene la namna hii. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungezungumzia kitanda. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya Marekani kwenye kuta kama michoro, na tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba mfarishi ni wa kulalia tu. Onyesho lile lililaumiwa pia, na lawama zilikuwa za haki: liliyasifu maumbo huku likiwaacha wanawake walioyashona bila majina wala historia. Somo kwa mwenye kuandaa onyesho ni kwamba kibao cha maelezo ni sehemu ya kazi. Kiandike nani ameshona, kwa vitambaa gani, na ni mteremko upi unaoonekana.

Wapo pia wanaosema onyesho linahitaji jumba la fahari, na Same haina. Quilt National, onyesho mashuhuri la mifarishi ya sanaa huko Athens, Ohio, lilianza 1979 ndani ya banda la zamani la ng'ombe wa maziwa. Kinachohitajika ni mambo machache yasiyo na mjadala. Mfuko wa kitambaa wa upana wa sentimeta kumi ushonwe nyuma, juu, upitishwe ufito, ili uzito ugawanyike. Msumari kwenye pembe huvuta na kuchana. Jua lisiingie moja kwa moja. Makumbusho huweka nguo kwenye mwanga wa kama laksi 50, ilhali jua la adhuhuri nje hufikia laksi 100,000, na rangi iliyopauka hairudi. Taa iwe hafifu na itoke ubavuni, isitoke mbele. Mwanga wa mbele huua vivuli vya mshono na kuugeuza mfarishi kuwa kitambaa kilichochapwa; wa ubavuni huonyesha kila bonde. Ukumbi wa shule wenye madirisha yaliyozibwa upande mmoja unaweza kutimiza hayo yote.

Kipimo cha mwisho cha hoja hii ni rahisi, na mwandaaji yeyote anaweza kukitumia anapochagua kazi za kutundika. Augeuze mfarishi na kutazama bitana. Huko hakuna kitenge, hakuna pindo, hakuna rangi ya kumsaidia mshonaji. Ipo mistari ya uzi tu. Kama kwenye bitana anaweza bado kuonyesha kwa kidole majaruba ni yapi, matuta yanaanzia wapi na msitu unakoishia, kazi hiyo imeshonwa. Kama nyuma kuna mistari isiyosema kitu, basi mbele kuna picha iliyoshikizwa tu, na picha hiyo ingekuwa bora zaidi kwa brashi.