Ufagio wa Beth: Kinaa ya Nyumbani katika Little Women

Kitabu cha Louisa May Alcott kiitwacho Little Women, ambacho sehemu yake ya kwanza ilipigwa chapa mjini Boston mwaka 1868 na ya pili mwaka uliofuata, kimepata bahati mbaya ya kupendwa kabla ya kusomwa vyema. Wakipendao husema ni hadithi tamu ya mama mcha Mungu na binti zake wanne, Meg, Jo, Beth na Amy, wapikao na kushona huku baba yuko vitani. Wakichukiao husema hayo hayo, ila kwa kukunja uso. Pande zote mbili zimekubali jambo moja, kwamba nyumba ile ina raha kwa sababu wakaao ndani yake ni wema. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo.

Wakati wa hadithi ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu tangu 1861 hata 1865. Bwana March, kasisi wa jeshi, yuko mbali. Mali yake ilipotea zamani alipomsaidia rafiki. Meg afundisha watoto wa watu, Jo amtumikia shangazi tajiri mwenye maneno makali. Siku moja yaja simu ya maandishi kutoka Washington kwamba baba ni mgonjwa sana hospitalini, na Jo akatwa nywele zake na kuziuza kwa dola 25 ili mama apate kitu cha safarini. Hapana ukurasa ambao nyumba ile imejengewa ukuta wa kuizuia dunia. Basi kinaa yao yatoka wapi?

Jawabu liko katika sura ambayo aghalabu hupitwa upesi. Amy, kwa hasira, amechoma daftari la hadithi za Jo. Jo, kwa hasira vilevile, hakumwonya mdogo wake juu ya barafu nyembamba, na Amy nusura afe maji. Usiku Jo alia mbele ya mama yake, akisema tabia yake haitibiki. Mama, ambaye binti zake humwita Marmee, amjibu kwamba yeye naye hukasirika karibu kila siku ya maisha yake, na kwamba amepigana na hasira hiyo kwa muda wa miaka 40 bila ya kupata zaidi ya kuitawala. Huyu ndiye mama ambaye wasomaji wengi wamemfanya malaika wa jikoni! Upole wake ni kazi ya kila siku kama kufua. Msomaji wa Kiswahili anayemkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, atatambua tofauti: katika nasaha zile mama anena kama mtu aliyekwisha kuijua njia, ilhali Marmee anena kama mtu ambaye yungali njiani.

Neno njia halikuja kwa nasibu. Alcott ameijenga sehemu ya kwanza juu ya kitabu cha John Bunyan ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Mabinti huucheza mwendo wa msafiri yule kwa kubeba mizigo kutoka chini ya nyumba hata darini. Asubuhi ya Krismasi kila mmoja akuta chini ya mto wake kitabu kidogo chenye jalada la rangi yake, na mtungaji hakitaji jina, hata wasomaji wamebishana kama ni Agano Jipya au ni Bunyan. Ubishi huo una faida ndogo. Lenye uzito ni kwamba baada ya kusoma wateremka na kuchukua chakula chao cha asubuhi kwenda kumpa mama Hummel, maskini mwenye watoto wengi na nyumba isiyo na moto. Ukristo wa kitabu hiki haumo sana katika mafundisho. Umo katika kikapu cha chakula. Na Alcott hasemi kwamba kikapu hicho hakina gharama: ni katika nyumba hiyo hiyo ya Hummel ambako Beth, akienda peke yake kwa kuwa dada zake wamechoka au wana shughuli, apata homa ya vipele vyekundu ambayo itamdhoofisha hata kufa.

Kadhalika na sura ya wiki ya uvivu. Mama awaruhusu mabinti wasifanye kazi yoyote wiki nzima, kisha Jumamosi ampa mtumishi ruhusa, na yeye mwenyewe akae chumbani. Jo apika: mboga zachemka saa nzima hata vichwa vyakatika, mkate waungua, matunda yatiwa chumvi badala ya sukari. Msomaji acheka, na katikati ya kicheko Beth amkuta chiriku wake amekufa tunduni, hakusazwa punje wala tone la maji. Hapo hoja imetimia. Kwa bahati mbaya Alcott hakuliamini tundu lake, akamleta mama jioni kueleza kwa maneno lile ambalo ndege alikwisha kulieleza. Na hii ndiyo kasoro yake ya mara kwa mara.

Kasoro kubwa zaidi ni Hannah. Mtumishi huyu yuko nyumbani tangu Meg azaliwe, na mtungaji asema alihesabiwa kuwa rafiki kuliko mtumishi. Ndiye aamkaye kwanza. Ndiye aokaye vikate vya moto ambavyo mabinti huvishika mikononi njiani ili kujikinga na baridi. Lakini je, yeye ana kinaa? Hakuna aliyemwuliza. Mama March ana usiku wa kukiri hasira yake. Hannah hakupewa usiku wake. Kitabu kinachodai kuona thamani ya kazi ndogo kimeshindwa kumtazama yule aifanyaye nyingi kuliko wote.

Alcott mwenyewe (1832–1888) hakuolewa, wala hakuvutiwa na kitabu hiki alipokianza. Mchapishaji ndiye aliyetaka hadithi ya wasichana. Aliijua nyumba kwa upande wake mchungu. Mwaka 1843 baba yake, Bronson, alianzisha huko Massachusetts kijiji cha watu wenye fikira za juu, Fruitlands, kilichovunjika baada ya miezi michache, na mzigo wa kazi ulimwangukia mama. Aliyekwenda vitani katika jamaa ile hakuwa baba, bali Louisa, aliyeuguza askari huko Georgetown mwishoni mwa 1862 na kurudi na homa kali. Na dada yake Elizabeth alikufa mwaka 1858, akiwa amedhoofishwa na homa ile ile ya Beth.

Yamkini ndiyo maana kurasa zilizo bora kabisa ni zile zifuatazo kifo cha Beth. Jo, aliyeahidi kuwatunza wazazi, aiona ahadi nzito kupita nguvu zake. Nyumba ni kimya, kazi haziishi. Hapaji muujiza. Siku kwa siku ajikuta akiimba chinichini nyimbo za Beth, akiweka vitu kwa taratibu ya Beth, na ufagio na kitambaa cha kuoshea vyombo, alivyovichukia tangu utotoni, havimchukizi tena kama zamani, kwa kuwa vilikuwa mikononi mwa Beth. Mara hii mama hatoi hotuba. Hannah ndiye wa kwanza kutambua mabadiliko hayo, naye ampongeza Jo kwa kumkamata mkono.