Haini na Msaliti: Kigoda cha Milansi na Sinema ya Kijerumani

Maneno haini na msaliti aghalabu hutumika kana kwamba maana yake ni moja. Hata hivyo, aliyeiasi dola hushtakiwa kwa uhaini; aliyetoboa siri ya rafiki yake twamwita msaliti, ijapokuwa dola haihusiki. Twapenda kuonyesha hapa kwamba tofauti hiyo ni kipimo kizuri cha uhakiki.

Tuitazame sinema Des Teufels General, iliyoongozwa na Helmut Käutner mwaka 1955 kutokana na tamthilia ya Carl Zuckmayer. Mhandisi Oderbruch huharibu ndege za kivita kwa siri ili utawala wa Hitler ushindwe. Kwa dola ile yeye ni haini, na uhaini huo mtazamaji huusamehe upesi. Lakini ndege hizo zawaua marubani wa upande wake mwenyewe, na rafiki yake Jenerali Harras hudanganywa. Kwao yeye ni msaliti. Ubora wa sinema hii ni kwamba haki ya uhaini wake haimfutii usaliti wake. Kasoro yake ni kumpa Harras, shujaa mwenye haiba, karibu nafasi yote, hata Oderbruch asipate kujieleza vya kutosha.

Suala hilo si geni katika Ufipa, nchi ambayo Wajerumani nao waliitawala, wakaiita Kasanga kwa jina la Bismarckburg. Masimulizi ya Milansi yasema kwamba mfalme Ntatakwa alikwenda kuwinda, akamwonya mwanamke aliyemwachia nyumba asiwape wageni kigoda cha enzi. Wakaja wanawake wa ukoo wa Kitwa, wakakikalia, na utawala wa nchi ukawaendea.

Ni rahisi kumwita mwanamke yule haini. Lakini hapana njama aliyoifanya. Alisimama baina ya agizo la mfalme na desturi ya kumpa mgeni kiti. Naye Ntatakwa aliporudi aliyakubali yaliyotokea, akabaki na Milansi yake na heshima ya utangulizi. Masimulizi hayamtafuti wa kuadhibiwa. Yaeleza jinsi enzi mbili zilivyopata kuishi pamoja.

Basi mhakiki, kabla ya kumpachika mhusika jina, hana budi kuuliza: amevunja ahadi gani, na ahadi hiyo alimpa nani? Asipouliza, atakuwa amehukumu bila kusoma.