Kumpima Meneja wa Mfuko Unaouzwa Pamoja na Ukaazi

Ubora wa meneja wa mfuko, yaani kampuni inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yao, hupimwa kwa namna fedha hizo zinavyotunzwa na zinavyomrudia mwenyewe, na kipimo hicho hakipaswi kulegezwa hata mfuko unapoambatana na matumaini ya kibali cha ukaazi. Mfanyabiashara wa dhahabu wa Mpanda anayeshawishiwa kuhusu Ureno, ambako tangu Oktoba 2023 ununuzi wa nyumba haumpatii mtu ukaazi lakini mtaji wa yuro 500,000 katika mfuko unampatia, ajue kwamba angalau asilimia 60 ya uwekezaji wa mfuko huo lazima iwe katika kampuni zenye makao Ureno. Na kwa kuwa thamani ya kampuni hupanda na kushuka, meneja anayeahidi faida isiyoyumba ameshaonyesha dosari yake.

Mgeni anayeelekea Katavi naye azingatie kwamba kibali cha daraja A cha Tanzania Bara hutolewa kwa anayekuja kuendesha biashara, kilimo, utafutaji wa madini au shughuli ya namna hiyo, si kwa kumiliki tu vipande, yaani sehemu ndogondogo ambamo mfuko hugawanywa.

Jicho hufunzwa kwa kazi njema, na iliyo karibu ni ya UTT AMIS, msimamizi wa Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, ambaye hutangaza thamani ya mfuko, idadi ya vipande na bei zake, hata mwekezaji mwenye kikokotoo cha simu aweze kugawa thamani kwa idadi na kuona kama bei iliyotangazwa ni ya kweli. Mali zenyewe hushikwa na benki iliyo nje ya kampuni, na utengano huu ndio sifa kuu kuliko zote, kwa sababu meneja anayepokea fedha katika akaunti yake mwenyewe hana wa kumzuia.

Mnunuzi wa mpunga huchoma bambo hadi katikati ya gunia, na mkataba nao usomwe hivyo, hadi vifungu vya ada, ambako mara nyingi hubainika kwamba wakala wa viza analipwa kamisheni na mfuko anaousifia. Meneja bora huandika bayana kamisheni hiyo, na huandika pia ni siku ngapi mtaji utarudishwa, na kwa makato gani, endapo ombi la ukaazi litakataliwa.