Majani ya Maji Magumu

Mfugaji wa samaki wa mapambo anayeijua kazi yake haanzi uchaguzi wa mimea kwa mimea. Hutazama maji kwanza, kisha samaki, na mwisho kabisa ndipo huuliza ni jani lipi litakalopendeza. Ustadi huo hauonekani vizuri kokote kama kwenye tangi la sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wale ndugu wadogo wa sato na perege wanaosafirishwa kutoka Kigoma hadi sebule za Ulaya na Marekani. Maji yao ni magumu, yenye chumvichumvi nyingi, na pH yake hukaribia 9. Mimea mingi ya dukani asili yake ni vijito vya maji laini. Itie humo uone inavyonyong'onyea.

Valisneria hainyong'onyei. Majani yake marefu membamba huota ndani ya ziwa lenyewe, na sababu ni ya kikemia. Katika maji ya namna ile hewa ya ukaa iliyo huru ni kidogo mno. Kaboni imefungwa ndani ya bikaboneti. Mimea mingi haiwezi kuifungua. Valisneria inaweza, basi hula pale ambapo wenzake wanashinda njaa. Anayeipanda vizuri hufukia mizizi tu, na kuacha juu ya mchanga mahali majani yanapoanzia, maana pakifukiwa huoza. Tena huipa muda ishike kabla ya kuingiza samaki, hasa wale wadogo waishio ndani ya makombe ya konokono, ambao hubeba mchanga mdomoni kutwa nzima na kung'oa chochote kilicholegea.

Anubiasi ya Kameruni ina tabia nyingine. Shina lake nene hutambaa kama tangawizi, na halipaswi kufukiwa kamwe: hufungwa kwa uzi kwenye jiwe mpaka mizizi ishike yenyewe. Hukua polepole hadi kuudhi. Lakini jani lake gumu hudumu muda mrefu, na samaki walao mwani hulidonoa juujuu bila kulitoboa. Fundi huliweka kivulini, kwa kuwa jani lisilokua haraka likipigwa na taa kali hugeuka shamba la mwani.

Kinachonivutia zaidi ni mikono ya fundi huyo dukani. Mnunuzi wa kawaida hupokea kopo na kusifu ukijani. Fundi huligeuza. Anajua kwamba mimea mingi ya maji hukuzwa vitaluni ikiwa na mizizi majini na majani hewani, na kwamba majani hayo mazuri yatapukutika tangini ili kupisha mengine, pengine ya umbo tofauti kabisa. Kwa hiyo anachonunua hasa ni sehemu ya chini. Hupasua taratibu ile sufi inayoshika mizizi, akitafuta mizizi myeupe iliyokaza. Hubonyeza shina la anubiasi kwa kidole gumba. Likibonyea, au likitoa harufu ya uozo, hulirudisha hata kama juu ni kijani tupu. Kisha hupekua mgongo wa kila jani akitafuta ute wenye mayai ya konokono.

Takashi Amano, Mjapani wa Niigata aliyefariki 2015, alijenga mjini Lisbon msitu wa chini ya maji wenye urefu wa mita 40. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo, mimi navutiwa zaidi na fundi wa mimea miwili, aliyekubali ziwa limchagulie.

Valisneria ikishakubali, huzaa machipukizi chini ya mchanga na lazima ipunguzwe. Hapo pia pana ustadi, kwa kuwa mmea wa mapambo ukitoroka huweza kuleta maafa. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini likipendwa kwa ua lake la zambarau, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeingia Ziwa Victoria, ambako limeziba bandari na njia za mitumbwi. Ndiyo maana fundi hatupi mabaki mtaroni wala mtoni. Huyaanika juani mpaka yakauke kabisa, ndipo huyatia kwenye taka.