Glavu Zilezile, Kazi Tatu

Mkwe anavaa glavu, anambadilisha bibi pampasi, anamwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko wa mpira wa mkojo, kisha kwa glavu zilezile anafungua bandeji ya kidonda cha mgongoni. Ndivyo asubuhi inavyoweza kwenda katika nyumba ya Lizaboni au Mfaranyaki, mjini Songea, yenye mzee aliyepigwa kiharusi. Ukimuuliza, atasema amejikinga. Kweli, yeye amejikinga. Aliyebaki wazi ni bibi, maana vijidudu vya kinyesi vimefikishwa hadi kidondani.

Songea wazee wengi hutunzwa na familia, si kwenye makao, hivyo utaratibu uliotungwa kwa muuguzi wa wodini unamwangukia mtu ambaye hakuna aliyemfundisha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye nyakati tano za kusafisha mikono. Mbili zinamgusa zaidi mkwe huyu: kabla ya kushika kidonda, na mara tu baada ya kugusa majimaji ya mwili. Glavu hazifuti hata wakati mmoja kati ya hizo.

Njia nyepesi ni kugeuza mpangilio: kidonda kwanza, pampasi baadaye. Ila kinyesi kikiwa kimeshafika kwenye bandeji, bibi asafishwe, glavu zitupwe, mikono inawiwe, ndipo kidonda kiguswe.

Mfuko wa mkojo una hila yake. Juni na Julai, baridi ya Songea ikibana, bibi hubebwa hadi kibarazani kuota jua, mfuko ukiwa umepakatwa tumboni. Hapo mkojo unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Mfuko ukae chini ya kiuno muda wote bila kugusa sakafu, na koki isiguse ndoo wakati wa kumwaga.

Jik nayo inaaminiwa kupita kiasi. Klorini iliyomo ndani yake ni ya zamani: Ignaz Semmelweis aliwanawisha madaktari kwayo huko Vienna mwaka 1847, na vifo vya wazazi vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi Aprili hadi 2 hivi mwezi Juni. Lakini uchafu huimaliza nguvu. Damu ikimwagika sakafuni, futa kwanza, kisha tia sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Kidondani isifike kabisa.

Halafu, maji yako wapi? Kibuyu chirizi kwa kawaida hutundikwa uani, karibu na choo. Mkwe akivua glavu chumbani, atashika komeo la mlango kabla hajaifikia sabuni. Kibuyu chirizi cha pili, na beseni chini yake, kikae chumbani kwa bibi. Mimi ningekinunua hicho kabla ya boksi jingine la glavu.