Buluu ya Kilindi

Mpiga mbizi akifika mita 15 chini ya maji, samaki mwekundu humwona wa kijivu. Maji yameshafyonza wekundu. Buluu ndiyo inayoendelea kushuka. Fundi wa kufuga matumbawe nyumbani huanzia hapo. Kabla ya kununua taa, huuliza tumbawe lake asili yake ni kina gani.

Tumbawe ni mnyama, ila chakula chake kingi hupikwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo hupenda buluu. Kwa hiyo taa nzuri ya LED hupangwa kama pishi. Buluu iliyokolea, karibu nanomita 450, ndiyo wali wenyewe. Buluu nyepesi ya 470 na urujuani wa 400 hadi 420 ni mchuzi. Nyeupe huongezwa ili nasi tuone vizuri. Nyekundu na kijani ni chumvi, zikizidi zimeharibu. Pishi hili limewezekana tangu Shuji Nakamura alipotengeneza LED ya buluu angavu huko Japani, mwaka 1993.

Ninachokistahi zaidi ni namna fundi asivyoyaamini macho yake. Buluu ya 450 hutuonekea hafifu hata inapokuwa kali. Mwenye pupa huongeza nguvu. Tumbawe huufukuza mwani wake, likapauka. Fundi hutumbukiza kipimo cha mwanga majini, akapima juu ya jiwe, ubavuni na chini. Matumbawe laini huyatafutia mikromoli 50 hadi 150 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe ya akropora, yenye matawi, 200 hadi 350. Tumbawe geni huliwashia mwanga mdogo, akauongeza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Kisha hulisoma. Likigeuka kahawia, huenda mwanga haulitoshi, mwani umejazana. Likififia, umezidi. Jioni, nyeupe zikizimwa, protini zake humeza buluu na kutoa kijani kinachong'aa, na sebule nzima hunyamaza kulitazama.

Lakini fundi huinamia ncha za matawi. Weupe unaopanda kutoka shinani ni dalili ya nyama inayokufa. Weupe mwembamba ulio nchani ni mfupa mpya, uliojengwa usiku na mchana kwa mwanga aliouchagua. Kujifunza kuutofautisha weupe huu na ule ndiko kumekuwa kazi yake ya miaka.